Pakiteng Wawili Kwenye Televisheni

Kwanza niseme nani alikuwa pale, ndio msomaji asipotee.

Tulikuwa wanawake wanne kwa nyumba ya jirani yangu hapa Noonkopir, Jumamosi mchana. Mimi ndiye mkubwa wa miaka. Wa pili ni huyo jirani mwenyewe, mjane kama mimi, mtu wa upande wa Machakos. Tumekaa ua mmoja miaka mingi na tunaimba sauti moja kwa kwaya ya akina mama. Yeye ndiye mwenye televisheni kubwa. Wa tatu ni binti yangu wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi. Wa nne ni mke wa shemeji yangu, yule mdogo wa marehemu mzee wangu. Mimi na yeye tuliolewa boma moja, kwa hivyo tunaitana "mwenzangu".

Ndani ya televisheni walikuwa wanaume watatu na msichana wa kuuliza maswali. Mwanaume wa kwanza ni mume wa binti yangu. Wa pili ni shemeji yangu. Wa tatu ni mtu wa kuuza ploti za kujenga, na huyo hana undugu na sisi. Wote watatu walikuwa wanatafuta kiti kimoja, cha mjumbe wa wadi, yule tunamwita MCA.

Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na ya ng'ombe wao wengi. Hata yule msichana wa televisheni alinitajia lake mara moja tu na halijatoka. Sikusoma sana. Kuandika nilifundishwa kanisani nikiwa tayari niko na wajukuu, na mtu ambaye hakuandika vitu tangu utotoni anazoea kuviweka kichwani. Lakini hapa siandiki jina la mtu. Wengine ni wakwe, na jina la mkwe halitajwi ovyo. Wengine bado watahitaji kura.

Mzee wangu alikufa binti yetu akiwa chuo cha ualimu. Alipopata mchumba, shemeji yangu ndiye alisimama kama baba. Yeye ndiye aliketi na wageni, yeye ndiye alipokea ng'ombe. Kwetu Wamaasai, wanaume wawili wakipeana ng'ombe kwa njia ya ndoa, majina yao yanakufa kati yao. Wanaitana Pakiteng, ndio kusema, wewe ambaye kati yangu na wewe kuna ng'ombe. Kuanzia hiyo siku hawaketi benchi moja, hawataniani, hawabishani mbele ya watu. Mmoja akikosea, mwingine anatazama kando. Hiyo heshima ndiyo inabeba nyumba mbili, na ikivunjika, vipande vinamwangukia yule msichana aliyeolewa.

Mimi na mkwe wangu pia tuko na heshima yetu. Hali mbele yangu na mimi sili mbele yake. Akija kunijulia hali anasimama langoni, anaongea akiangalia kayaba, ile miti ya miiba ya ua wangu, mimi naangalia kuku. Hivyo ndivyo tumependana miaka yote hii.

Sasa, walifikaje kutafuta kiti kimoja? Shemeji alikuwa amekikalia muhula mmoja. Mwaka wa mwisho akasema amechoka, anataka kurudi kwa ng'ombe zake. Mkwe wangu ni daktari wa mifugo, anajulikana na kila mtu mwenye mbuzi hata wawili, na watu wakamwambia asimame. Alimtuma mzee mmoja kwa shemeji kuuliza kama kuna ubaya. Shemeji akajibu, "Mwambie Pakiteng achukue. Nimembariki." Tulifurahi. Halafu wazee wa ukoo wakamkalia shemeji wakamwambia mtu haachi kiti akiwa bado na nguvu, na kabla mvua ya Aprili haijaisha tukaona picha yake tena kwa nguzo za stima. Picha ya mkwe wangu ilikuwa tayari kwa nguzo hizo hizo.

Mtu wa mahali pengine angeshika simu: wewe, si ulisema umeacha? Mkwe wangu hangeweza. Shemeji naye hangeweza kumwambia toka. Wakafanya kampeni miezi na miezi, huyu akiwa sokoni yule yuko upande wa maboma, na hakuna siku mmoja alimtaja mwingine.

Aliyekonda ni binti yangu. Baba yake amezikwa kwa boma ya shemeji, nje ya mji ukielekea Kajiado. Huko ndiko nyumbani kwao. Mimi nilihamia huku kwa sababu ya miguu na hospitali, nyumba yangu ya huko ilishaanguka. Wale wanaume wakikosana hadharani, ama mume wake angemkataza kwenda, ama wale wa huko hawangemfungulia lango. Siku moja akinisuka nywele aliniambia, "Yeyo, mimi hata hicho kiti sikitaki. Mimi nataka tu nibaki na mahali pa kwenda."

Yeyo ndio mama. Hivyo ndivyo ananiita mambo yakiwa mazito. Siku zingine ni Mum.

Barua ya televisheni, ya kumwita mkwe wangu kwa mdahalo, ilikuja nikiwa kwa binti yangu, mume wake akiwa kazini. Ililetwa na msichana mwenyewe wa kuuliza maswali, suruali, viatu vyeupe, mdomo hauchoki.

"Shosho, hii itakuwa laivu," akaniambia. "Kutoka Kajiado, kwa ukumbi. Kila mtu ako na mimbari yake. Asiyekuja, mimbari yake inakaa tupu na jina lake mbele, na kamera inaionyesha."

"Hata kama ni mgonjwa?"

"Akiwa mgonjwa atuletee barua ya daktari, shosho!" Akacheka. "Hata wakubwa wa nchi wameachiwa mimbari tupu. Si uliona?"

Niliona. Tuliona wote. Mimi na jirani tulikuwa tumekaa kwa hiyo kochi yake tukingojea mkubwa mmoja, na hakuja, na tulicheka mpaka akaangusha chai. "Anaogopa!" tulisema. "Mtu mzima anaogopa watoto wa kuuliza maswali!" Hatukufikiria kitu kingine. Nilimpa msichana chai, akanywa, akaenda. Sikumwambia lolote juu ya Pakiteng. Hakuuliza, na mimi nilifikiri hayo ni mambo ya nyumba, hayahusu televisheni.

Nyuma ya soko letu kuna tangi jeusi juu ya vyuma. Shemeji ndiye alilisimamisha, mwaka wake wa pili kwa kiti. Lilikuwa la maji ya Noonkopir, na mifereji ikavutwa mpaka kwa malango yetu. Haikutoka tone. Kunguru walizaa huko juu. Sisi tuliendelea kununua maji ya mkokoteni, na jirani yangu kila akishusha mtungi alikuwa analitukana tangi kama mtu. Kila mtu alijua kwamba swali la kwanza siku ya mdahalo litakuwa hilo.

Jumanne, mkwe wangu akaja langoni.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," nikaitikia salamu yake.

Akaangalia kayaba. Nikaangalia kuku.

"Mimi siendi Kajiado," akasema. "Wataniuliza juu ya tangi. Nikinyamaza mimi ni mjinga, nikijibu nimemvua Pakiteng nguo mbele ya nchi. Afadhali mimbari tupu."

"Watasema unaogopa."

"Waseme. Lakini yeyo, asijue. Akijua ataona kama nimemwachia, kama zawadi. Usimwambie."

Nikasema sitamwambia.

Jumatano, shemeji akaja. Huyo anaingia, anakunywa chai, ananitania, ni shemeji. Lakini siku hiyo aliishika ile bakuli mpaka chai ikapoa.

"Shemeji," akasema, "Jumamosi mimi siendi. Kijana aongee peke yake. Nilimbariki halafu nikarudi kwa mbio, hata kulala silali vizuri. Nitasimamaje nimpinge mbele ya watu?"

"Mwambie basi."

"Nimwambie? Nikimwambia atakataa kwenda na yeye. Wewe humjui huyo kijana. Usimwambie."

Nikasema sitamwambia. Akaondoka. Nikabaki nimekaa na siri mbili zinazofanana, moja huku moja huku.

Nilicheka kwanza. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilifikiria mimbari mbili tupu na yule wa ploti katikati, akiongea saa nzima peke yake kama mhubiri. Nikasema, Mungu, nifanye nini? Hata hivyo nilinyamaza. Nataka mjue nilinyamaza siku nzima.

Alhamisi, mwenzangu akaja analia. Si kulia kwa machozi, kulia kwa mdomo. "Kijana wenu anamnolea mzee wangu kisu. Watu wa sokoni wanasema Jumamosi atamuuliza tangi mbele ya kamera. Mimi nililea huyo msichana wako kama wangu, na hii ndiyo asante?"

Nilikuwa nimepanga kunyamaza. Lakini mtu akisema kijana amenoa kisu, na wewe unajua hata kiwembe hana, utanyamaza? "Haendi," nikamwambia. "Alikuja hapo langoni akaniambia kwa mdomo wake. Haendi, kwa sababu ya heshima. Sasa kunywa maji." Akakunywa. Akaenda amefurahi.

Na mimi nilikuwa najua shemeji pia haendi, kwa hivyo sikuona ubaya.

Ijumaa ndio nikaanza tena kumwona kichwani yule wa ploti, akiongea peke yake. Nikafikiria: shemeji ameamua kubaki kwa hiari yake, kwa sababu anataka kijana aongee. Sasa kwa nini kijana asiongee? Binti yangu alipopita jioni kutoka shule nikamwambia, "Mwambie mume wako baba yako mdogo haendi. Alikunywa chai hapa akaniambia. Kwa hivyo aende, hakuna wa kumwaibisha."

Akaniangalia. "Una uhakika?"

"Nilisikia kwa masikio yangu."

Nilichosahau ni kwamba nilikuwa nimeshamfungulia shemeji mlango huohuo, kwa mkono wa mwenzangu. Mwanamke akifika nyumbani amefurahi, mume atauliza kwa nini. Na mzee akisikia kwamba kijana haendi, atasema, kumbe hakuna aibu tena, basi mimi niende, nyumba yetu isionekane imekimbia yote.

Jumamosi, basi, tukakutana kwa jirani. Mwenzangu na binti yangu wakasalimiana vizuri sana, mpaka jirani akanifinya. Kila mmoja alikuwa anamhurumia mwenzake. Kila mmoja alijua mume wa mwenzake hayuko. Jirani akaleta maandazi, akatafuta rimoti, akaipata chini yangu.

Picha ikaja. Mimbari tatu. Wanaume watatu.

Mwenzangu alikuwa na andazi mkononi, likabaki hapo hapo njiani.

"Si ulisema haendi?" akaniuliza.

"Si ulisema haendi?" binti yangu akaniuliza, wakati mmoja.

Wakageukiana. "Nani haendi?" "Mzee wako!" "Mzee wangu? Ni wako ndiye haendi!" Halafu wote wawili wakanigeukia mimi.

Jirani yangu ndiye alielewa wa kwanza, kwa sababu hana mkwe hapo. Alishika mbavu. "Kumbe! Kumbe ni wewe! Watu wa televisheni wanajisumbua na barua, na mdahalo umeuandaa wewe!"

Sikucheka. Nilikuwa nawaangalia wale wanaume. Walikuwa wamesimama kama ng'ombe wawili wageni kwa zizi moja, kila mmoja ameangalia upande wake. Mtu wa ploti alikuwa katikati, anatabasamu, hajui kwa nini amewekewa nafasi kubwa hivyo.

Na hapo nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Nilimwona mkwe wangu. Miaka yote hiyo nilikuwa namjua sauti, kofia na viatu. Televisheni haijui heshima, ilimleta uso wote mpaka mbele ya magoti yangu, mkubwa kama sinia, na mimi sikuweza kuangalia kuku. Ana kovu juu ya nyusi. Ndevu zimeanza mvi kidevuni. Ako na macho ya mtu mpole. Nilisikia haya na nikaendelea kuangalia.

Maswali ya kwanza yalipita, barabara, basari za shule, soko. Kila mmoja akajibu akiangalia msichana. Halafu msichana akageuka.

"Daktari, tuje kwa maji. Mheshimiwa hapa aliahidi Noonkopir maji. Mtazame, umuulize, maji yako wapi?"

Binti yangu akanishika goti. Alinishika mpaka kucha zikaingia.

Mkwe wangu hakugeuka. "Maji hayako," akasema. "Mifereji iko, tangi liko, maji hayako. Mimi nikichaguliwa nitaanza na kisima."

"Sawa, lakini nani alaumiwe? Mwenye kiti yuko hapa. Mwambie."

"Siwezi."

"Huwezi ama unaogopa?"

Watu kwa ukumbi wakacheka. Wa ploti akacheka pia, akatikisa kichwa.

"Siwezi," akasema tena, na akashika ile mimbari pande zote mbili.

"Ai, jibu basi!" jirani yangu akamwambia televisheni. "Sisi tunabeba mitungi, wewe unasema siwezi! Nilikuwa nimekupea kura yangu!"

"Hawezi," binti yangu akasema. "Ni baba mkwe wake."

"Sasa mimi nikunywe baba mkwe?"

"Aseme tu ni mila! Waelewe!" Huyo alikuwa binti yangu tena, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Si aseme tu."

Lakini hangesema. Kusema hapo "sijibu kwa sababu huyu ni mkwe wangu" ni njia nyingine ya kusema "jibu ninalo, na ni baya". Msichana hakujua hivyo. Alihesabu kunyamaza kwake kama kuogopa, vile na mimi nilihesabu kwa yule mkubwa ambaye hakuja. Mwenzangu alikuwa ameweka pembe ya leso mdomoni. Alikuwa anangoja neno moja tu kutoka kwa kijana, neno la kumvunja mzee wake, na nilijua likitoka atasimama aende, na lango la boma litafungwa nyuma yake.

Neno halikutoka. Badala yake shemeji akainua mkono, kama mtoto wa shule.

"Binti," akasema, "muache huyo."

"Mheshimiwa, zamu yako bado."

"Najua. Muache. Hilo swali hawezi kulijibu, na mimi ningekuwa yeye nisingelijibu. Niulize mimi."

Msichana akaangalia karatasi yake. Nafikiri hakuna karatasi iliandikwa kitu kama hicho. "Haya, Mheshimiwa. Maji yako wapi?"

"Hayako. Tangi nililisimamisha mimi kabla ya kutafuta maji. Nilitaka watu waone kitu kirefu. Kosa si la mvua wala la mtu mwingine, ni langu." Akafuta mdomo. "Na Pakiteng hapa alijua tangu mwanzo. Alinitumia mtu akaniambia chini ya pale ni mwamba mtupu, nichimbe mbali kidogo. Sikusikia. Ameingia kwa kampeni na hilo neno mfukoni, miezi yote, na hajalitoa. Hata leo mmemkaba na hajalitoa. Sasa nimelitoa mimi, mumwachilie."

Mkwe wangu aliinamisha kichwa. Hakumwangalia. Hata hapo hakumwangalia.

Chumbani kwetu, mwenzangu akatoa leso mdomoni. "Amejimaliza," akasema polepole. "Mzee amejimaliza mwenyewe." Halafu akamvuta binti yangu kwa mkono, akamkalisha karibu naye kwa kochi, na wakalia pamoja, huyu kwa sababu ya kiti na yule kwa sababu ya baba yake mdogo. Mimi niliachwa na maandazi.

Jirani yangu alikuwa amesimama katikati ya nyumba. "Nimezaliwa, nimezeeka," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza nasikia mwanasiasa akisema nilikosa. Mbona sasa nataka kumpigia kura huyo?"

Lakini mdahalo ulikuwa haujaisha. Wa ploti alikuwa hajaongea, na huyo si mjinga. Alingoja ukumbi utulie.

"Mnaona?" akasema. "Hii ni familia moja. Huyu anamfunika huyu, huyu anamwosha huyu. Nani kati yao atamuuliza mwenzake kwa niaba yenu? Mimi sina mkwe hapa. Mimi nitauliza kila mtu."

Ukumbi ulipiga makofi mpaka televisheni ikakwaruza. Na mimi, nikiwa nimekaa hapo na siri zangu mbili zilizomwagika, sikuona mahali pa kumpinga. Alichosema kilikuwa kweli. Kile walichofanya wale wengine wawili pia kilikuwa kweli.

Alishinda yeye. Mjini walimpa wengi, na kwa maboma kura ziligawanyika kati ya wale wawili kama tulivyojua zitagawanyika. Lazima niseme ukweli wote: maji yalikuja. Alichimba mbali kidogo, pale pale mkwe wangu alisema. Yanatoka Jumanne na Ijumaa, yana chumvi, lakini yanatoka. Jirani yangu akifungua mfereji ananiangalia tu, hasemi kitu. Akisema, ni hivi: "Asante mwandalizi."

Siku hizi nikiona mimbari tupu kwa televisheni sisemi haraka kwamba mtu ameogopa. Wengi wanaogopa, ama wanatudharau, wanaona hatufai kujibiwa, na hao wasitafutiwe sababu. Mtu anayetaka kutuongoza aje asimame tumwone. Hiyo sijabadilisha. Lakini kuna mwingine amebaki nyumbani kwa sababu ya kitu ambacho kamera haiwezi kukipiga, na yule anayeuliza angefaa kuuliza kwanza, huyu na huyu ni nani kwa nani? Mimi ningemjibu. Chai nilimpa, dakika mbili za kumweleza nikamnyima.

Binti yangu, baada ya matokeo, alikaa wiki mbili bila kusikia kitu kutoka boma. Alikuwa anakuja kwangu kila jioni akijifanya ananiletea maziwa. "Hawajapiga simu," anasema. "Sijauliza," nasema. Halafu mwezi wa tisa, jua likiwa kali na nyasi za upande huu zimekwisha, mwenzangu akanipigia simu. Mzee ametuma neno: mwambie Pakiteng nyasi ya chini ya boma haijaguswa, alete ng'ombe zake.

Niliwasilisha hilo neno vile lilivyo, sikuongeza, sikupunguza, na sikumwambia mtu mwingine kabla yake.

Ng'ombe walienda asubuhi. Binti yangu alienda nao, na ndoo na jembe, akapalilia kaburi la baba yake, akalala huko siku nne. Mwenzangu alimpikia. Wale wanaume walichunga upande mmoja, huyu kilima hiki, yule kilima kile, na jioni wakapeana habari za ng'ombe wakiwa wamesimama, kila mtu ameangalia wake. Binti yangu aliporudi alikuwa amenenepa uso. "Yeyo," akaniambia, "wamenipa ndama."

Wanaume hao wawili hawajawahi kuniuliza ilikuwaje wakafika Kajiado wote siku moja. Kuuliza kungekuwa kuanza ubishi. Kwa hivyo wakisoma hapa, ama wakisomewa, wajue ni mimi, na nilitaka vizuri.

Binti yangu amesoma haya kabla yenu na anasema nimekosea. Anasema yeye nilimwambia Alhamisi na mwenzangu ndiye wa Ijumaa, na kwamba baba yake mdogo hakuinua mkono, aligonga mimbari. Mwenzangu yeye anasema hakulia. Mimi naandika kama nilivyoviona, lakini miaka imeenda. Wale mliokuwa kwa ule ukumbi wa Kajiado, na nyinyi mliotazama kama sisi: kama kuna neno nimeliweka kwa mdomo usio wake, ama siku nimeihamisha, pita Noonkopir uniambie. Lango langu ni lile la kayaba, na kalamu bado iko na wino.